Nani Atakayesema Inuka

Mwanangu Eliya,

Kliniki imefungwa saa sita mchana kama kila Jumamosi, na wenzangu wote wameshaondoka. Nimewaambia nabaki kupanga miadi ya Jumatatu. Si kweli, miadi niliipanga jana. Nimebaki kwa sababu nyumbani siwezi kuandika. Mama yako anakukaangia mandazi ya njiani, wadogo zako wanagombania chumba chako kabla hata hujakihama, na wewe unapitapita sebuleni na masanduku huku ukinitazama kama mtu anayedai jibu.

Jibu lenyewe nalijua. Kesho asubuhi unatoka Columbus kwenda Buffalo kuanza kazi, na mwezi ujao, huko huko, utakuwa mbele ya wazazi wa Bisola kumwomba binti yao kwa desturi yao ya Kiyoruba. Umeniomba nije nilale chini pamoja nawe mbele yao. Nilikujibu vibaya, na tangu siku ile tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja.

Habari za makoti, bima ya gari na mafuta amekuambia mama yako, na atakuambia tena asubuhi ukiwa umeshawasha gari. Mimi nataka kukueleza kwa nini nilishtuka vile. Kwa mdomo siwezi. Nimejaribu mara mbili nikashindwa.

Tuanze na siku rafiki yako Dele alipokuja kwetu mara ya kwanza, maana hadithi hiyo umeisimulia kila mahali, hata kanisani, na watu wamecheka. Mimi pia nimecheka. Wewe ulikuwa jikoni unasonga ugali. Kengele ikalia, nikachungulia kwenye kitundu cha mlango kama nifanyavyo siku zote, nikamwona kijana mrefu mwenye koti la kazi la ghala lenu. Nikafungua. Kabla sijasema karibu, yule kijana alinitazama usoni, akaenda chini. Alikwenda chini mzima mzima, mikono mbele, kifua kwenye zulia, kofia yake ikabingirika mpaka miguuni pangu.

Mwili wangu haukuniuliza. Nilijitupa kando ya kabati la viatu, nikafunika kichwa kwa mikono yote miwili, nikapiga kelele kwa Kirundi kwamba kila mtu alale chini. Ulipotoka jikoni na mwiko mkononi ulitukuta wanaume wawili tumelala kifudifudi, tunatazamana.

"Nani anapiga risasi?" nikamwuliza Dele.

"Hakuna anayepiga risasi, bwana mkubwa," akanijibu. "Nilikuwa nakusalimia."

Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Lakini jambo ambalo hukulisimulia kanisani, kwa sababu hukulijali, ni kwamba hata baada ya kuelewana hatukuinuka. Dele alibaki chini. Mimi nilibaki chini. Tulitazamana tu, mpaka wewe uliposema, "Inukeni basi, ugali unapoa." Ndipo tukainuka.

Sasa njoo kwenye ile Jumapili ya juzijuzi. Tulikuwa tunakaribia kumaliza kula. Ukasogeza sahani, ukasema, "Baba, kuna kitu kuhusu ile siku."

"Kitu gani?"

"Wanaume wa upande wetu tunalala chini mbele ya wazazi wake. Kifudifudi."

"Wanaume gani?"

"Mimi na rafiki zangu. Na mtu wa nyumbani kwangu. Yaani wewe."

Nikasema sisi hatusujudu watu. Ukasema si kusujudu, ni kusalimia, kama Dele pale mlangoni. Nikasema kusalimia ni kwa mkono. Mama yako akasema, "Mwacheni baba yenu ameze chakula kwanza." Halafu, ukidhani unanituliza, ukaongeza kwamba wakishaipokea bahasha ya mahari watairudisha.

Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa kabisa. Wewe umekua Marekani, huenda hujui: kwetu mahari ikirudishwa maana yake wamekukataa. Hakuna maana nyingine. Nikasimama, nikasema, "Kwa hiyo wamekukataa, na bado wanataka ulale chini?"

"Hawajakataa, Baba! Wanairudisha kwa sababu wanasema hawauzi binti yao."

"Na wakikuacha hapo chini?"

"Kwa nini waniache?"

Nikasema hakuna mtoto wa Zakaria atakayelala chini mbele ya mtu yeyote, na kwamba mimi siji. Ukanijibu kwa Kiingereza, taratibu, kama unavyofanya ukitaka nisiingilie, kwamba basi utalala bila baba. Ukabeba sahani yangu ukaipeleka kuiosha. Afadhali ungebamiza mlango.

Haikuwa mara ya kwanza kukufanyia hivyo. Unakumbuka Louisville, mwaka wako wa pili wa sekondari, ulipojiunga na timu ya mieleka. Mwalimu wako alinipigia simu kunisifia jinsi ulivyo mwepesi. Nikaja kutazama mazoezi nikiwa bado na shati la kazini. Nikakukuta umelala kwa tumbo juu ya mkeka, na mvulana mwingine amekukalia mgongoni, amekukandamiza shingo. Wenzako wanapiga makofi. Niliingia mkekani na viatu vyangu, nikamsukuma mtoto wa watu, nikakuinua kwa kola mbele ya wote. Mwalimu alikuwa akisema, "Bwana, bwana, ni mchezo tu." Nilijua ni mchezo. Nina elimu ya kutosha kujua mchezo ni nini. Mikono ndiyo haikujua.

Uliacha timu bila kuambiwa uache. Ulikaa wiki nzima bila kuzungumza nami, na mimi nikaiita hiyo adabu. Nilipaswa kukueleza siku ile ile, ndani ya gari. Badala yake nilikuuliza kama umefanya kazi za nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu tulipokimbilia mpaka wa Tanzania. Kaka yangu Zakaria, baba yako aliyekuzaa, alikuwa ametangulia na mizigo, mimi nikafuata nyuma nikiwa nimekubeba mgongoni. Ulikuwa na miaka miwili. Mama yako aliyekuzaa alikuwa ameshafariki, na kitenge nilichokufungia kilikuwa chake. Kundi letu lilikuwa kubwa, majirani na watu tuliokutana nao njiani. Penye kona moja wakatokea watu wenye bunduki. Wakatuambia wanawake na watoto tukae pembeni, wanaume walale barabarani kifudifudi. Mimi nilikuwa mdogo wa umbo na nina mtoto mgongoni, wakaniacha na wanawake.

Baba yako alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na shati moja jeupe, na alikuwa amelivaa siku hiyo, kwa sababu alisema tukifika Tanzania lazima tuonekane watu. Alilala nalo kwenye changarawe. Wale watu walitembea juu ya migongo. Sisemi waliwakanyaga kwa hasira. Walitembea, huku wakizungumza mambo yao, kama mtu anavyovuka mto kwa kukanyaga mawe. Walichukua viatu. Mmoja alikuwa akicheka kwa kitu alichoambiwa na mwenzake, wala hakikuhusu sisi. Halafu wakaondoka.

Hakuna aliyeuawa. Nataka ulijue hilo ili usifikirie mabaya zaidi.

Tuliwaona wakipotea kwenye kilima. Tukasubiri wanaume wainuke. Hawakuinuka. Nilidhani wamekufa, lakini niliona migongo ikipumua. Jua lilisogea, kivuli cha mti kikatoka kwetu kikaenda kwao, na bado walikuwa wamelala pale pale. Waliambiwa lala na hakuna aliyewaambia inuka. Wanawake waliogopa kusema. Mimi nilikuwa naogopa pia, lakini wewe ulikuwa umeanza kulia, na nilijua ukilia sana wale watu watarudi. Basi nikaenda mpaka alipo kaka yangu, wewe ukiwa mgongoni, nikainama, nikamgusa bega. Nikasema, "Kaka, inuka. Wameondoka."

Akageuza uso. Changarawe zilikuwa zimemkwama shavuni. Akanitazama, akainuka. Walipomwona ameinuka, na wengine wakaanza kuinuka mmoja mmoja bila kutazamana.

Kambini tulikaa naye miaka miwili tu kabla homa haijamchukua. Katika miaka ile sikuwahi kumwona amelala kwa tumbo, hata usiku, hata alipoumwa. Na hakuwahi tena kunituma kitu kwa ukali, kama kaka anavyomtuma mdogo wake. Aliniomba tu, kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. Siku moja alisema, "Mtoto asijue." Nimekuficha habari ya siku ile mpaka leo. Leo navunja neno lake, na ninaomba anielewe.

Kwa hiyo uliposema "kifudifudi" pale mezani, mimi sikuwa Columbus.

Sasa nikuambie kitu usichokijua. Jumatano nilipochelewa kurudi nikasema kulikuwa na msongamano barabarani, nilikuwa nimekwenda Westerville, nyumbani kwa Dele. Nilikaa ndani ya gari kwa muda, injini inaunguruma, nikitafuta sababu ya kurudi. Kisha nikagonga. Dele alifungua, akaanza kuinama, halafu akakumbuka, akaganda katikati, mkono mmoja ukutani.

"Nisalimie au nisisalimie, Anko?"

"Salimia," nikasema, nikashika fremu ya mlango.

Akalala. Nilimtazama kwa macho yangu yote mawili. Nikasubiri ainuke. Hakuinuka. Nikasubiri. Mwishowe nikasema, kwa ukali ambao sikuutaka, "Mbona huinuki?"

"Nasubiri uniambie, Anko."

"Nikuambie nini?"

"Niinuke. Mkubwa ndiye anayesema. Mtu hajiinui mwenyewe."

Eliya, hapo ndipo nilipoelewa. Siku ile ya kwanza, kando ya kabati la viatu, yule kijana alikuwa ananisubiri mimi. Mimi nilikuwa nimelala nikisubiri mtu aseme inuka, na yeye alikuwa amelala akisubiri mimi niseme.

"Inuka," nikamwambia. "Inuka, mwanangu."

"Kwetu tunasema *dide*," akasema akijipangusa magoti, anacheka. "Lakini hata hiyo imefaa."

Aliniingiza ndani. Binamu yake Femi alikuwepo, yule mwenye miwani, anakula wali akitazama mpira. Nikawauliza moja kwa moja, bila hata kusubiri soda: vijana kama ninyi, mliosoma, mnaoishi huku, mnaionaje ndoa ya namna hii? Hamwoni aibu?

"Mimi naiona ni sinema," akasema Femi. "Kulala chini mbele ya watu mia tatu na simu zao! Mimi nitakwenda mahakamani saa ya chakula cha mchana, niweke sahihi, nirudi kazini."

"Anasema hivyo kwa sababu hakuna aliyemkubali," Dele akaniambia.

"Nimewakataa wengi!"

"Wataje."

Femi akaweka kijiko chini. "Anko, msikilize mama yangu. Ananipigia simu kila Jumapili kutoka Ibadan. Haniulizi mimi nina hali gani. Anauliza, 'Mke wangu hajambo?' Mke wake! Mke ambaye mimi mwenyewe simjui bado! Kwetu ukioa, mke si wako peke yako. Ni mke wa mama, wa shangazi, hata mtoto wa jirani atamwita mke wetu. Mimi nitabaki dereva wao tu."

"Basi usioe," nikasema.

"Nitawezaje? Nina digrii mbili, na kwenye kila sherehe bado natumwa kubeba viti. Juzi nilikuwa nabeba viti na kijana wa miaka ishirini na mitatu ameketi meza ya wakubwa, ananinyooshea kidole pa kuviweka. Kwa nini? Ameoa."

Tukacheka wote. Kisha Dele akanieleza kuhusu yule mama anayeongoza sherehe kwa upande wa bibi harusi. Anasema mama huyo hana huruma. Vijana wakilala na matumbo hayajagusa chini, anawaambia hizo ni pushapu, warudie. Na wanarudia, suti na yote, huku wanawake wanashangilia.

Nikamwuliza, "Na wewe unaogopa kulala?"

"Kulala siogopi, Anko. Naogopa kuinuka." Hakuwa anacheka tena. "Ukiwa chini unaomba tu. Wakikuambia inuka, maana yake wameshakupa. Wanakukumbatia, wanakuombea. Na watu wote waliokuona umelala watakumbuka ulilala kwa ajili ya nani. Siku utakayompandishia sauti binti yao, utawatazamaje?"

"Na aibu?"

"Aibu ni ukilala halafu watu waulize, huyu amekuja na nani?"

Femi akainamia wali wake. Mimi nikaomba ile soda.

Niliendesha gari kurudi nyumbani nikiwa na maneno hayo, na bado ninayo. Nilikuwa nimedhani naulinda mwili wa mtoto wa kaka yangu. Kumbe nilikuwa nataka kukupeleka kwa watu wa Buffalo kama mtu asiye na kwao.

Juu ya ndoa yenyewe sina mengi ya kukufundisha. Unamjua mama yako, unanijua na mimi, umetuona tukigombana kuhusu komeo la mlango. Lakini utakumbuka kile kipindi Louisville nilipopoteza kazi ya kwanza, nikawa nalala kwenye kochi mchana kutwa, uso kwenye mto. Mama yako alipita akidhani nataka kimya. Mimi nilikuwa nasikiliza nyayo zake nikidhani hanitaki tena. Tulikaa hivyo siku nyingi, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Siku alipokuja akanivuta soksi akasema, "Wewe Yonasi, amka ule, mimi sikuolewa na kochi," nililia kama mtoto. Alishangaa. Akasema angejua ni rahisi hivyo angenivuta soksi mapema. Bisola akiwa hivyo siku moja, usisubiri uwe na hakika. Na ukiwa hivyo wewe, mwambie akuvute soksi. Najua huwezi kusema, umelelewa na mimi. Jaribu hata hivyo.

Eliya, nakuja. Asubuhi nitakuambia neno hilo moja tu kabla hujawasha gari, na barua hii nitaiweka chini ya mandazi, uisome ukisimama kujaza mafuta. Nimeshaomba ruhusa ya Ijumaa ya kabla ya sherehe. Wasimamizi wa kliniki waliniuliza sababu, nikasema mwanangu anaoa, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yangu ikisema hivyo.

Naogopa bado, usidhani nimepona. Kabla sijaanza kuandika nilifunga mlango wa mbele, nikateremsha mapazia, nikalala. Hapa hapa nyuma ya meza ya mapokezi, kifudifudi, shati langu jeupe la kazini kwenye zulia. Nilitaka kujua kama ninaweza. Kulala niliweza. Nilinusa vumbi na ile dawa wanayooshea. Nikajiambia inuka. Sikuinuka. Nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa Kirundi, hata kwa Kiyoruba cha Dele, na mgongo ukakataa kabisa, kama si wangu. Sijui ningekaa pale mpaka lini. Simu ya mapokezi ililia, na mwili ukainuka wenyewe kwa mazoea, nikasikia nasema kliniki imefungwa, tafadhali piga Jumatatu.

Kule Buffalo hakutakuwa na simu ya kuniokoa. Nitalala upande wako wa kushoto, na tumbo langu litagusa chini, yule mama asipate la kusema. Wazazi wa Bisola watasema *dide*, na wewe utainuka, na Dele, na wengine wote, na watu watapiga vigelegele. Huenda mimi nisisikie. Ukigeuka ukaniona bado niko pale, usiniite mbele ya watu, wala usicheke.

Inama tu, uniguse bega. Nitajua ni wewe.

Baba yako,
Yonasi